Mama Aliyekataa Kusema "Ni Huyu"

Tribinali, yaani mahakama, ya Bunia ilipofunguliwa tena, vita vilikuwa bado havijaisha, vilikuwa vimesogea tu nje ya mji. Askari wa kigeni walizunguka na magari yao meupe, waamuzi waliletwa kwa ndege kutoka mbali, na sisi tuliokuwa tumezoea kuona mambo yakimalizwa kwa panga tukaanza kujifunza upya maneno kama ushahidi na rufaa.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Rwambuzi, mtaa wa Bunia. Wazazi wangu walitoka Butembo zamani kufuata biashara, na baba alikuwa na duka la chumvi, sabuni na vitenge mbele ya nyumba yetu. Kwa kuwa hatukuwa wa upande wowote kati ya makabila mawili yaliyokuwa yakipigana, watu wa pande zote walinunua kwetu. Hawakupenda kuingia kwa wakati mmoja, lakini waliingia.

Jirani yetu, ukuta kwa ukuta, alikuwa mjane. Sitaandika alikuwa wa kabila gani. Aliyeishi Bunia miaka ile atakisia, na asiyeishi hatapungukiwa na kitu, maana habari hii ingeweza kutokea vilevile kwa upande wa pili. Alikuwa amekimbia kutoka kijijini kwake baada ya bwana wake kuuawa mlangoni, asubuhi moja ya mvua, watu wenye silaha walipoingia. Yeye alikuwa nyuma ya nyumba, akajilaza kwenye matope kati ya migomba. Aliniambia habari hiyo mara moja tu, tukiwa tunachagua maharage. Kati ya wanaume wale alimwona kadogo mmoja, ndivyo tulivyowaita watoto waliobeba bunduki. Alivaa buti za mpira zilizomzidi, akatoka na godoro la nyumba kichwani. Godoro lilikuwa limemfunika mpaka mabegani.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ndiye aliyeanzisha kesi. Siku ya mauaji hakuwepo, lakini wakimbizi wa kijiji walimtajia kijana mmoja kuwa alikuwa kati ya wauaji, na alipomwona sokoni Bunia, ametoka porini na kuvaa nguo za raia, akaenda kwa polisi. Kijana akakamatwa. Walisema ana miaka kumi na sita. Siku ile ya mvua, miaka miwili nyuma, basi, alikuwa na kama kumi na minne.

Dukani kwetu watu hawakuongea jambo lingine. Mnunuzi wa dhahabu aliyekuwa akitoka machimboni kuchukua sabuni alisema waliomtuma ndio wafungwe, mtoto ni kama panga, halijitembezi lenyewe. Mama muuza samaki aliyekuwa akisubiri chenji akamgeukia.

"Panga haina macho," akasema. "Ule mutoto iko na macho. Alikuwa anaona yenye anafanya."

"Na weye ya kwako, kama wangemuchukua kwa nguvu na kumupa bunduki?"

"Ya kwangu walimuchukua. Hakurudi."

Mnunuzi wa dhahabu akachukua sabuni zake. Baba akampimia mama yule chumvi ya kuongeza. Jioni wateja wa kabila la kijana nao walikuwa na yao: kwa nini wanaokamatwa ni watoto wao tu, wakati wa upande mwingine wanatembea mjini na miwani ya jua? Baba alisikiliza hao pia.

Siku ya kesi mjane aliniomba nimsindikize, kwa sababu ya Kifaransa cha mahakamani. Chumba kilijaa. Watu walikaa kama waliopangwa na mtu: watu wa mjane kushoto, watu wa kijana kulia, na katikati njia ambayo hakuna aliyetaka kuivuka. Kijana alikuwa mwembamba, shati lake limefungwa vifungo mpaka shingoni. Sikuweza kuona ubaya usoni mwake, wala wema. Alikuwa kama mwanafunzi wangu yeyote aliyeitwa ubaoni.

Mjane akaulizwa kama aliyemwona siku ile ni huyu. Alimwangalia kwa muda mrefu. Shemeji yake, mstari wa mbele, alikuwa ameinama kuelekea kwake.

"Yenye niliona alikuwa mufupi, kama huyu," akasema. "Lakini uso sikuona. Ilifunikwa na godoro."

Mwendesha mashtaka alimwuliza tena kwa upole, kama anayemsaidia mtu kuvuka daraja la miti. Huenda sauti? Huenda mwendo? Akajibu kwamba kadogo hakusema kitu, na kila mtu mwenye buti kubwa anatembea namna ile. Kisha akaketi kando yangu na kuushika mkono wangu.

Hukumu ilisomwa juma lililofuata. Mwamuzi alisema kwamba sheria inamwona kijana kuwa mtoto, na angepaswa kuadhibiwa kama mtoto, lakini kesi haikufika hata hapo, kwa sababu hakuna aliyemtambua. Aachiliwe. Kulia wakaanza kuimba. Kushoto wakatoka kimya, na ukimya wao ndio uliotutisha. Jioni ile jiwe lilianguka juu ya mabati ya mjane. Halikutupwa na watu wa kijana.

Shemeji yake alikuja kesho yake. Nilikuwa pale, nikataka kuondoka, mjane akaniambia nikae.

"Siye tulikuomba neno moja tu," shemeji akasema. "Ni huyu. Basi."

"Ningesema namna gani, shemeji? Niliapa mbele ya Mungu."

"Bwana yako alikufa. Na wenye walimuua, leo wanaimba."

"Najua kama alikufa. Ni miye nilimufunika."

"Mutoto yenye anaweza kubeba bunduki, anaweza kubeba kifungo."

"Kama ni yeye, abebe," akasema mjane. "Kama haiko yeye, nitamuambia nini mama yake?"

Shemeji akachukua kofia yake na kutoka. Kwa miezi mingi hakurudi. Wanawake wa kabila la mjane waliacha kununua maziwa aliyokuwa akiuza, na kanisani benchi alilokalia lilibaki na nafasi pande zote mbili. Mama yangu akaanza kwenda kukaa hapo.

Mama wa kijana tulikutana naye njiani, tukitoka sokoni. Alisimama mbele yetu na beseni lake la mihogo, akapiga magoti nusu, kama wanavyofanya kwao kutoa shukrani. Mjane akamzuia kwa mkono.

"Usinishukuru, mama. Sikumusaidia mutoto yako. Nilisema yenye niliona. Kama ningeona uso, ningesema uso."

Yule mama akasimama wima. "Hata miye sijui," akasema polepole. "Namuuliza. Ananyamaza. Usiku anapiga kelele kwa ndoto, asubuhi ananyamaza."

Akalishusha beseni chini, watu wakitupita. Kisha mama wa kijana akasema kwamba ameamua kumpeleka Mahagi, kwa mjomba wake mwenye lori, ajifunze ufundi wa magari, maana Bunia watamwua. Mjane akaitika kwa kichwa. Tulipoachana alitembea haraka, na nyumbani akaingia ndani moja kwa moja bila kuniaga.

Msimu wa kupanda maharage shemeji alirudi, na jembe begani. Hakusema amesamehe. Aliingia katika kipande cha shamba nyuma ya nyumba, ambapo mjane alikuwa akilima, akaanza kulima upande wa juu, mjane akaendelea upande wa chini. Nilikuwa nikianua nguo upande wetu wa ukuta, nikawasikia.

"Miye bado naamini ni yeye," shemeji akasema.

"Inawezekana," akajibu mjane, na akamwomba asogeze mbegu karibu.