Dirisha la Wakwe

Waisiko alipomwambia mumewe kwamba atafungua duka la maziwa ya mgando pale senta ya Kemambo, Emanueli alicheka mpaka akaweka kikombe cha chai chini.

"Mama Boke, hapa kila nyumba ina ng'ombe. Utamuuzia nani? Ng'ombe wenyewe?"

"Kwani siku ya gulio ng'ombe anafuatana na mwenye nyumba?"

Emanueli akachukua tena kikombe chake.

"Mtu anatoka kwake alfajiri na gunia la mahindi," Waisiko akaendelea, na mikono yake ilikuwa inacheza hewani kama anayemimina. "Jua linampiga, njaa inamuuma, anakunywa soda mpaka tumbo linanguruma. Mimi nitampa kitu alichokulia. Cha baridi!"

Wazo lilikuwa limemwasha na halikuzimika. Lakini Waisiko hakuwa mtu wa kurukia jambo. Siku hizi wengi wanaanza biashara kwa kuchora bango na kupiga picha mbele yake, halafu ndipo wanauliza bidhaa inatengenezwaje. Yeye alifunga nguo zake akaenda Nyamisangura, mjini Tarime, kwa binamu yake Lilian aliyekuwa na duka kama hilo, akamwambia, "Dada, nipe ndoo nioshe. Mshahara wangu ni kuona."

Akaosha ndoo, na akaona. Aliona maziwa yanavyochujwa kwa kitambaa safi, yanavyochemshwa na kuachwa yapoe mpaka yawe vuguvugu, kisha yanatiwa kidogo ya mgando wa jana, yanafunikwa na kuachwa yatulie bila kuguswaguswa. Alijifunza kutumia kipima maziwa, kile kijiti cha kioo kinachoelea: ndani ya maziwa yaliyotiwa maji huzama zaidi, na mdanganyifu anajulikana palepale mbele ya watu.

"Wengi watakuja na visingizio," Lilian alimwonya. "Ng'ombe kanywa sana, mvua imenyesha. Usisikilize. Kijiti hakina shemeji."

Aliporudi Kemambo alipika sufuria moja tu ya maziwa, akaipeleka kanisani Jumapili, akawagawia akina mama baada ya ibada. Hakuuliza kama ni matamu, maana anayeonjeshwa bure hasemi baya. Aliuliza, "Nirekebishe nini?" Wakamwambia ni mepesi, na yana harufu ya sufuria. Akapika tena. Mara ya tatu Robi, jirani yake mwenye sauti kubwa, alilamba kijiko pande zote mbili akasema, "Hapa sasa usiguse kitu."

Robi huyo ndiye aliyewakusanya wanawake wa kumletea maziwa kila asubuhi. Walikuwa wakimuuzia mtu mmoja wa pikipiki aliyekuja siku anayotaka. Sharti la Waisiko lilikuwa moja: kila ndoo inapimwa hadharani, na yenye maji inarudi na mwenyewe.

Kisha akaenda halmashauri kwa ajili ya leseni, akachukua namba ya mlipakodi, akapimwa afya kama inavyompasa kila anayeuza chakula. Kuna wanaosema hayo yatafuata biashara ikishachanganya. Hayafuati. Kinachofuata ni mgambo na kufuli mlangoni. Mbuzi wake waliingia mnadani wakatoka jokofu. Fundi Method akapaka fremu ya duka rangi nyeupe, akatengeneza kaunta ndefu inayotazama mlango na mabenchi mbele ya kaunta, vilevile kama kwa Lilian. Waisiko aliipapasa ile kaunta kama anayepapasa ndama aliyezaliwa.

Baba mkwe wake, mzee Heche, alifurahi kuliko wote. Aliwatangazia wazee wenzake wa rika lake: gulio hili, tunakunywa kwa mkamwana wangu.

Siku ikafika. Jokofu limejaa, vikombe vinang'aa, Waisiko kavaa gauni jipya na kilemba. Wazee wakaja kweli, kundi zima na fimbo zao, mbele mzee Nyangwine aliyekuwa na maneno mengi.

"Shikamooni wazee wangu! Karibuni, karibuni ndani!"

"Marahaba," wakaitikia, wakasimama mlangoni.

Wakaangalia kaunta. Wakaangalia mabenchi. Wakamwangalia Waisiko amesimama na kikombe mkononi, uso umejaa tabasamu, akiwatazama. Mzee mmoja akaanza kukagua bati za paa kana kwamba anataka kuzinunua. Mwingine akakumbuka ana kuku gulioni. Nyangwine, mwenye maneno mengi, akakosa hata moja. Wakatawanyika kibarazani na kusimama hapo juani.

Na vijana je? Nani angepita katikati ya wazee waliosimama, akakae ndani na kunywa? Waliochungulia waligeuka. Mpaka gulio linavunjika, Waisiko alikuwa ameuza kwa wageni wachache waliokuwa wanapita njia.

Robi akaja na ndoo zake tupu, akaona jokofu lilivyojaa.

"Waisiko, mimi nakupenda. Lakini akina mama wameniambia: gulio lijalo wakiona hivi tena, wanarudi kwa mtu wa pikipiki. Na wakirudi kwake, mimi siwezi kuwatoa tena."

Alipoondoka, Emanueli akakuna kichwa. "Haya changanya na ya kesho. Mgando ni mgando."

"Kwa hiyo siku ya kwanza tu tumeanza kudanganya? Siku ya kumi tutakuwa tunauza nini, chokaa?" Akatoa vyombo, akayagawa yote kwa majirani yakiwa bado mazuri. Hakuna aliyepewa ambaye hakushukuru, lakini yeye alikuwa ameuma midomo.

Jioni hiyo alipika ugali wa baba mkwe kama kawaida. Akaupanga kwenye sinia, akaufikisha mpaka kwenye kizingiti cha nyumba ya mzee, akaliweka sinia chini na kugeuka. Binti yake Boke akalichukua akaliingiza ndani. Waisiko akapiga hatua mbili kuelekea jikoni, akasimama ghafla. Akajipiga paji la uso.

"Emanueli! Emanueli we!"

"Kuna nini? Nyoka?"

"Mimi ni mjinga! Tangu nimeolewa, umewahi kuniona nimekaa mbele ya baba anakula?"

"Hapana. Utakaaje?"

"Na mzee Nyangwine? Na wenzao wote wa rika?"

Emanueli akaanza kuelewa, kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. Kwa Wakurya, rika la baba mkwe wote ni wakwe. Mkamwana hawakodolei macho wala hakai mbele yao wakila, na wao hawafungui kinywa mbele yake. Waisiko alizaliwa Kisaka, Serengeti. Wazee wa huko walikuwa baba zake, na kichwani mwake, kila alipoliota duka, ni hao aliowaona wakinywa na kumwita mwanangu. Kemambo yeye ni mkamwana. Alikuwa ameiga duka la mjini, ambako muuzaji na mnunuzi hawajuani, akaliweka katikati ya wakwe zake.

Wako watakaosema mila kama hizo zimepitwa na wakati, mteja avumilie. Anayesema hivyo bado hajajua biashara ni nini. Mteja haji kwako ili umfundishe kuacha heshima yake.

Asubuhi Waisiko alikuwa kwa Method kabla fundi hajapiga mswaki.

"Nataka ukuta wa mbao, ugawe fremu katikati. Wazee wawe na mlango wao upande wa barabara na mabenchi yao."

"Na maziwa yatapita wapi? Juu ya paa?"

"Dirisha dogo, chini, usawa wa kiuno. Mkono upite na kikombe, uso usionekane."

Method akacheka, akashika msumeno. Wiki nzima misumari iligongwa, na Waisiko alikuwa anapima kimo cha dirisha kwa kuinama huku na kule, mara "shusha kidogo," mara "hapo hapo, usipumue!"

Gulio lililofuata, akina mama walileta maziwa, na Robi akabaki amesimama pembeni, mikono kiunoni. Mzee Heche akaja na wenzake. Waisiko akawasikia wakiingia kwa mlango wao, fimbo zikigonga sakafu, mabenchi yakilia.   Akamimina kikombe, akakipitisha dirishani. Kikakaa hapo peke yake.

Halafu mkono wenye bangili ya shaba ukakichukua.

Akasikia mtu anameza. Anameza tena. Kikombe kikarudi kikiwa kimekauka, na sauti ya Nyangwine ikapasua ukuta:

"Mkamwana! Nani alikwambia mzee ana tumbo la kasuku? Leta kikombe cha watu wazima!"

Wazee wakaangua kicheko, mikono ikajaa dirishani. Vijana, waliposikia wazee wametulia upande wao, wakamiminika kwa mlango wa mbele. Waendesha pikipiki, wauza vitunguu, wachimbaji wenye vumbi hadi kwenye kope. Emanueli alivua koti akaanza kuosha vikombe. Jokofu likaanza kuonyesha sakafu yake.

"Mura!" Nyangwine akamwita Emanueli, kama Wakurya wanavyomwita kijana, kupitia dirishani. "Mwambie mkeo maziwa haya yana kasoro moja."

Waisiko akaganda na kata mkononi. "Muulize ni kasoro gani."

"Anauliza ni gani, mzee."

"Yanaisha!"

Waisiko akachungulia ndani ya ndoo ya mwisho, akacheka kwa sauti mpaka akasahau kuficha, kisha akamgeukia Robi aliyekuwa bado amesimama pembeni.

"Umesikia? Kimbia kawaambie akina mama, kesho wakamue mapema!"

Robi alikuwa ameshafika barabarani, anapiga kelele kwa kila jirani aliyemwona.