Sharti la Bi Roswitha

Kwa miaka kumi na tisa, baiskeli ya kijani ya Bi Roswitha Kühnel ilipoegeshwa nje ya nyumba yoyote katika mji wao mdogo kando ya mto Weser, majirani walijua kwamba mwenye nyumba anataka mbwa, na huenda asimpate. Bi Roswitha, karani mstaafu wa posta, alikuwa mkaguzi wa kujitolea wa makao ya wanyama. Hakuna aliyepewa hata paka kilema kabla yeye hajaingia kwake, akapima nafasi za vyuma vya roshani kwa futi, akafungua friji bila kukaribishwa, kisha akauliza swali lake: "Ukifa, huyu atabaki na nani?" Aliwauliza hivyo hata maharusi.

Alikuwa mtu mwema, tusimsingizie. Ila wema wake ulikuwa na meno. Alimnyima mchungaji wa kanisa kwa sababu ana mazishi mengi. Alimnyima mwalimu wa muziki kwa sababu ya tarumbeta. Alimnyima Hartmut Drewes, dereva wa basi anayekaa ghorofa ya chini katika jengo analokaa Bi Roswitha mwenyewe, kwa kuwa anafanya kazi kwa zamu. Ukaguzi huo ulichukua robo saa. Drewes hakugomba. Kwa miaka kumi na mmoja aliendelea kumsabahi na kumshikia mlango, na Bi Roswitha akadhani ni shukrani.

Sharti la umri nalo ni lake. Alilileta mwenyewe kwenye mkutano mkuu wa chama kinachoendesha makao hayo, akiwa na miaka hamsini na minane: aliyepita sabini hapewi mbwa mpaka mtu wa umri mdogo kuliko wake, ambaye nyumba yake imekaguliwa, atie sahihi kwamba atamrithi mbwa huyo. Mikono yote ilinyanyuka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Kwani alipofika sabini na mitatu, akiwa ameshamwachia ukaguzi Wiebke, mwanamke aliyemfunza mwenyewe, alimpenda Poldi. Poldi alikuwa mbwa wa miaka kumi na mmoja, kiziwi, mwenye nyonga mbovu na harufu ya soksi mbichi. Alikuwa amekaa makaoni miaka miwili bila mtu hata mmoja kumuulizia. Kila Jumanne Bi Roswitha alimtembeza kando ya mto. Jumanne moja alipomrudisha, mbwa alikataa kuingia kizimbani, akajilaza juu ya viatu vyake na kufumba macho. Mwanamke aliyewakanya mamia ya watu wasichague mbwa kwa machozi alisimama pale akilia.

Fomu aliijaza siku ile ile. Penye jina la mrithi, kalamu ikagoma. Mpwa wake wa Kiel alidai manyoya humpigisha chafya. Mchungaji alimkumbusha, kwa upole wa kichungaji, habari ya mazishi. Kila jina lililomjia kichwani lilikuwa la mtu ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumnyima mbwa.

Akabaki Drewes. Bi Roswitha alioka keki ya tufaha, akashuka ngazi za ghorofa tatu akishikilia ukuta, akabisha hodi. Drewes alimsikiliza mpaka mwisho, akakata keki, akauliza kama siku hizi zamu si dhambi tena. Bi Roswitha akaokota makombo mezani. Drewes akasema atasaini.

Wiebke alikuja Alhamisi kukagua kwa Drewes, Bi Roswitha akiwa ameketi kama mtahiniwa. Katika kabati la viatu Wiebke akakuta kamba ya mbwa, mpya, lebo ya dukani bado inaning'inia. Drewes akasema aliinunua zamani kidogo. Alipoulizwa lini, akajibu ni miaka kumi na mmoja, na masikio yakamwiva.

Wiebke akafungua faili la zamani la Drewes. Neno lilikuwa humo, kwa mwandiko wa Bi Roswitha: hafai.

"Ulinifundisha mwenyewe, Bi Roswitha. Neno la mkaguzi halifutwi ila na aliyeliandika. Na aseme alikosea wapi."

Miaka yote hiyo Bi Roswitha hakuwahi kuandika kwamba amekosea. Aliona aibu, aibu ya kweli inayochoma mashavu. Akaandika: Nilikagua zamu zake. Yeye sikumkagua.

Wiebke akapiga muhuri, akafunua karatasi ya pili, ya kanuni. Sasa nyumba zinazofaa zilikuwa mbili, ya Bi Roswitha na ya Drewes, na kanuni inasema mbwa mwenye nyonga mbovu hapandishwi ngazi ikiwa pana nyumba inayofaa ya ghorofa ya chini. Hapakuwa na haja ya kuuliza kanuni hiyo ilitungwa na nani.

"Naweza kujifanya sijaiona," akasema Wiebke.

Bi Roswitha alimtaka yule mbwa kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu awe mjane. Akafikiria miguu ile ya nyuma na ngazi za ghorofa tatu, mara nne kwa siku.

"Usijifanye," akasema. "Mwandike Bwana Drewes."

Drewes akasaini. Kisha akamsogezea Bi Roswitha fomu, kidole kikiwa kwenye mstari wa msaidizi.

"Kesho nina zamu ya saa kumi na moja alfajiri, mama. Nikuletee Poldi huko juu?"

"Asipande ngazi," akasema Bi Roswitha, akichukua kalamu. "Nitashuka mimi."