Mume wa Kuazima

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyorudi nyumbani Runzewe kutoka machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, nikaambiwa mke wangu ameonekana kliniki na mume mwingine.

Kabula, mama yako, alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Mimi nilikuwa msomi aliyekosa ajira, nikawa nasimamia karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Chuo kilinifunza kuhoji. Kabula aliponiomba tukapime VVU pamoja, nilimuuliza vipimo vinatoka wapi na nani anavihakiki. Maswali si mabaya, ila sikungoja jibu. Nilimwambia apime yeye. Akiwa salama, nami salama.

Sasa nilimshuku. Nilichungulia simu yake, nikaihesabu upya miezi ya mimba. Kijiweni walinipa pole ambayo sikuiomba. Mwishowe nikampeleka kwa bibi yangu, aliyenilea na kuniita mume wake kwa utani, atuamulie.

Kabula hakulia. Alisema yule ni dereva wa bodaboda. Aliambiwa anayekuja na mwenza huhudumiwa mapema, basi akamwomba asimame naye. Hata kidole, maskini, alikubali kuchomwa.

Bibi alicheka mpaka akashika kifua. Kisha akanikazia macho.

“Mume wangu, unamshuku aliyepima. Mbona humshuku aliyekataa? Huko machimboni ulikuwa unalala peke yako?”

Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nakagua nguo za mwenzangu.

Kesho yake tukaenda wote. Nesi alitutazama, akamuuliza Kabula, “Dada, leo umekuja na mume yupi?” Foleni nzima ikacheka.

“Huyu ndiye mwenyewe,” akasema, bila kunitazama.

Majibu yakatoka: yeye hana virusi, mimi ninavyo. Nikadai nipimwe tena. Nikapimwa kwa kipimo cha aina nyingine, jibu likawa lilelile. Nesi akanieleza nilichojifanya nakijua: mmoja anaweza kuwa na virusi na mwenzake asiwe navyo, kwa hiyo jibu la mke halimsemei mume. Na mama akiambukizwa akiwa mjamzito, mtoto naye yuko hatarini.

Nilianza dawa siku hiyohiyo. Kabula alipewa dawa za kinga, akawa anapimwa mara kwa mara. Alinisamehe taratibu, si kwa siku moja. Mtoto alizaliwa salama, bila virusi. Ndiye wewe, unayening'ang'ania kalamu ninapoandika haya.

Mwanangu, sikwambii uache kushuku. Mshuku anayedai kujua afya ya mtu kwa kumtazama sura, mshuku muuza dawa ya miujiza. Lakini zamu yako ya kushukiwa ikifika, usijiepushe. Toa damu yako mwenyewe, na maswali yako mpelekee nesi, kisha ungoje akujibu.

Mungu akujalie mwenzi, na akujalie miguu ya kuongozana naye, asije akaazima mtu wa kusimama mahali pako.