Matundu kwenye Barua za Mjane

Mdogo wangu tulimbandika jina la Profesa tangu akiwa darasa la tatu, kwa maswali yake yasiyokwisha. Mimi niliishia darasa la saba, nikakalia cherehani, na hadi leo sijainuka. Yeye akasoma, akasoma, akasoma. Alipofika shahada ya uzamivu nikamuuliza anasomea nini hasa.

"Barua za mjane mmoja aliyekuwa na karakana ya kutia vitambaa rangi, miaka mia nne iliyopita."

"Jamani! Wenzio wanasomea udaktari wa kutibu, wewe unasomea umbea wa marehemu?"

Akacheka tu. Ana moyo huyu mtoto.

Mwaka wa sita akaja dukani kwangu uso umemshuka. Barua zilikuwa thelathini na nane, hazina tarehe. Zamani zilidungwa zote pamoja zikafungwa uzi, kisha mtu fulani pale kwenye hifadhi ya nyaraka akaukata uzi na kuzichanganya. Profesa alizipanga kwa kukisia: mjane anafanya kazi, anafiwa na mwanawe, anafunga karakana, kwisha habari yake. Msimamizi wake akamwambia bila kumung'unya maneno kwamba asipoleta ushahidi wa mpangilio huo, tasnifu haifiki mbele ya watahini. Alimpa miezi miwili.

"Dada, miaka sita imekwenda na maji," akasema, machozi yanamlengalenga.

Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. "Hebu nizione hizo barua zenyewe."

Akanipa simu yenye picha. Kusoma sikuweza, mwandiko kama kuku kaparura. Nikatazama pembeni, ulipopita uzi. Karatasi nyingine zina matundu mapana, nyingine yamebana.

"Hii ilikuwa juu. Hii chini kabisa."

"Umejuaje?"

"Wewe nawe! Nikikata sare nyingi kwa mpigo, si nadunga alama kwa sindano nene? Kitambaa cha juu kinapata tundu kubwa, cha chini kijitundu, maana ncha ni nyembamba. Miaka sita hukuliona hilo?"

Mara akanipokonya simu, akanibusu utosini, akatoka mbio na kuusahau mkoba wake mezani.

Wiki tatu alikuwa anapima matundu kwa rula na kioo cha kukuzia. Ya juu kabisa ndiyo ya kwanza kuandikwa, maana inataja maziko ya mume kuwa ya juzi tu. Mpangilio ukageuka. Barua ya kufunga karakana ilikuwa ya katikati, na chini yake zikafuata kumi na nne ambazo Profesa alikuwa ameziweka mwanzoni: mjane anaagiza rangi, anawafokea wauzaji, anatafuta mafundi. Alifiwa, akafunga, akafungua tena. Niliposimuliwa nilifurahi utadhani ni shangazi yangu.

Profesa akafaulu. Akaniletea tasnifu, akaifungua ukurasa wa mia na kumi na mbili. Chini kabisa, kwenye tanbihi, imeandikwa: "Ushahidi huu umetokana na maelezo ya dada yangu, fundi cherehani, mezani kwake."

"Mbona hukuniweka kule mbele kwenye shukrani, pamoja na mama?"

"Kule ni kwa walioniombea, dada. Hapa ni kwa walionifundisha."

Nililia mbele ya wateja, na sioni haya kusema. Namshukuru mdogo wangu kuliko anavyojua. Sasa mteja akija kupimwa namkalisha kwanza asome ukurasa wa mia na kumi na mbili, gauni litasubiri.