Kuhe Yuko Sokoni, Kwenye Orodha Hayupo

"Nimemla jana! Mke wangu kamkaanga, nimemla na ugali, mwiba wake bado umo kwenye jino. Leo unaniambia hayupo?"

Ni saa tatu asubuhi, kwenye kibanda cha mashine ya kusaga, mtaa wa Chanji mjini Sumbawanga. Mzee Wilibrodi, fundi seremala wa miaka sitini na mbili, amesimama na hataki kukaa.

"Sijasema hayupo sokoni, mzee wangu," anajibu Jafeti, afisa mifugo kijana aliyehamia hapa kutoka Mbeya. "Nimesema hayupo kwenye orodha."

"Orodha ya nani?"

"Ya mashindano."

"Basi mashindano yenyewe yana njaa!"

Watu waliopanga foleni ya kusaga wanacheka. Samaki anayegombewa ni kuhe, yule wa Ziwa Tanganyika anayeletwa kutoka Kasanga na kununuliwa hapa mjini kabla hajashushwa vizuri kwenye gari. Mzee Wilibrodi amelipanga jina lake kwenye ubao wa mchezo wa maneno na kujipatia alama za kutosha. Jafeti amepinga.

Katikati yao yupo Justa, mwenye umri wa miaka arobaini na nne, mama wa watoto watatu na mwendesha mashine ya kusaga nafaka. Ana unga mpaka kwenye nyusi. Mkono mmoja unasukuma mahindi kwenye mdomo wa mashine, mwingine unapima unga unaotoka kama umelainika.

"Gombaneni," anawaambia, "ila atakayemwaga mahindi ya watu ataokota punje moja moja."

Mchezo huu una sheria zinazopatikana hapa tu. Mashine ikinguruma humsikii mwenzako asipopaza sauti, kwa hiyo anayepinga neno haanzi kwa mdomo, anagonga debe tupu. Neno likikutwa ni halali, aliyegonga anashika ufagio na kufagia kibanda kizima. Justa anasema tangu watu waanze kucheza hajawahi kufagia.

"Wanapinga ovyo," anasema. "Mimi nasaga tu, usafi wanafanya wao."

Justa alizaliwa Mpui na kuja mjini alipoolewa na Vitus, ambaye hadi leo analima huko na kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Mashine ameiendesha miaka kumi na mmoja. Anasema kazi hii inachosha mikono na masikio, na umeme ukikatika ni hasara ya siku nzima, kwa sababu wateja wenye haraka hubeba ndoo zao na kwenda kwenye mashine ya dizeli.

Ni siku moja ya namna hiyo mchezo ulipoingia. Dereva wa gari la samaki, aliyekuwa akisubiri unga wake, alitoa ubao kwenye kabati la gari akawafundisha waliokuwepo. Pamoja na ubao aliwaachia nakala ya orodha ya maneno yanayokubalika. Mzee Wilibrodi akachonga ubao mwingine na herufi zake kwa mabaki ya mninga. Justa akabandika kurasa za orodha ukutani, karibu na swichi.

"Nasaga, nasoma. Debe la mtu likiisha na ukurasa umeisha," anasema. "Wanangu walidhani nasali."

Wakati huo hakuna hata mmoja aliyejua kwamba orodha zipo mbili.

Ile ya dereva ndiyo ndefu. Imekusanya maneno ya pwani na bara, ya zamani na ya sasa, majina ya samaki, miti na vyombo ambavyo mtu wa mkoa mwingine hajawahi kuviona. Iliyofika Mbeya ni fupi. Hiyo inakubali maneno yanayotumika karibu kila mahali, basi. Zote mbili ni rasmi, kila moja ina chama chake, na kila chama kina muhuri.

Desemba iliyopita wachezaji wa Mbeya walikuja hapa kwa mechi ya kirafiki. Hakuna aliyefikiria kuuliza wenzake wanatumia orodha gani. Kila upande ukahesabu alama kwa orodha yake, na kila upande ukashinda. Wageni walipanda basi wakiimba. Huku Chanji walichinja kuku wawili.

"Tulisherehekea mpaka jioni," Justa anakumbuka, akicheka hadi anashika kifua. "Jafeti alipotuambia wenzetu nao wamesherehekea, nilisema sawa, angalau kuku hawakufa bure."

Lakini leo si siku ya kucheka tu. Jafeti ameleta ujumbe. Mwezi ujao Mbeya kuna mashindano ya nyanda za juu kusini, wawili wawili, na yatachezwa kwa orodha fupi peke yake. Majina yanatakiwa leo kabla ya saa sita mchana. Jafeti mwenyewe ameteuliwa kuwa mwamuzi, kwa hiyo hatacheza.

Justa hajawahi kucheza nje ya kibanda hiki. "Hapa nimeshawafunga wote," anasema. "Nataka nikafungwe na mtu nisiyemjua."

Mzee Wilibrodi ndiye pekee anayemshinda mara moja moja, na mzee hataki kusikia.

"Tukicheza kwa orodha yao, tumekubali kwamba sisi huku tunaongea kitu kingine," anasema. "Leo wanamtoa kuhe. Kesho watatutoa sisi wenyewe."

Jafeti hakubali. "Mzee, hii ndefu ina maneno ambayo hata wewe huyajui maana yake. Unayapanga kama matofali. Binti wa shule akija leo kucheza na wewe, anafungwa na neno ambalo hajalisikia tangu azaliwe. Huo si mchezo, ni kukariri."

"Na akariri! Nani kamkataza?"

"Jafeti hajakosea," Justa anaingilia. "Mwaka jana nilikufunga kwa neno ambalo mpaka leo sijui kama linaliwa au linavaliwa."

"Lakini ulinifunga!"

"Nilikufunga, baba. Ila nilijisikia kama mtu aliyeokota."

Foleni nayo imegawanyika. Mama mmoja mwenye ndoo ya ulezi anasema wasiende, waheshimiwe kwanza. Mwingine anasema heshima haisagwi, waende. Mzee Wilibrodi anaapa kwamba orodha fupi haitagusa mkono wake.

Justa anamalizia debe lililokuwa kwenye mashine, anamfungia mteja mfuko wake, kisha anazima swichi. Kibanda kinanyamaza ghafla.

"Nikienda nikafungwa, nimefungwa," anasema. "Nikibaki hapa na maneno yangu kichwani, nimeyafuga tu, na hayatagi. Orodha yao nitaisoma kama nilivyosoma hii. Mwezi mmoja unanitosha."

Anajipangusa mikono kwenye kanga, anachukua simu na kumpigia Herieth, katibu wa mashindano. Anaweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Dada, habari za Mbeya? Ni Justa, mama Gift wa Sumbawanga. Tuandike."

"Orodha fupi mnaifahamu?" inauliza sauti.

"Bado. Andika hivyo hivyo."

"Sawa. Wewe na nani?"

Justa anamtazama mzee Wilibrodi. Foleni nzima inamtazama mzee Wilibrodi.

"Mimi?" anashtuka mzee. "Si nimeapa hapa, watu wamesikia?"

"Tumesikia, baba. Ndiyo maana nakupeleka. Ukiwa na hasira unacheza vizuri."

Anamnyooshea simu. "Taja jina lako, dada anasubiri na kalamu."

Mzee anaitazama ile simu iliyojaa unga. Anaichukua, anaiweka mbali kidogo na sikio, anakohoa.

"Wilibrodi," anasema kwa sauti ya mtu anayehutubia. "Fundi seremala, Sumbawanga. Umeandika? Haya, nisomee nione kama umeliandika vizuri."