Birika la Makote Lililoandikwa Tayari

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyokabidhiwa mambo ya dunia nzima ndani ya faili moja. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, karani huko Masasi, katika ofisi ambayo jina lake nitalimeza, maana waliokuwamo hawakuwa watu wabaya na wengi wamekwisha kutangulia. Mwingereza alikuwa bado anatawala, ingawa tulishaanza kuhesabu siku zake chinichini. Mzungu mkuu wangu alirudi kutoka Dar es Salaam na karatasi za mkutano mkubwa uliofanyika ng'ambo. Mataifa mengi yalikuwa yamekaa na kukubaliana kwamba watu wa vijijini wapate maji karibu, kliniki za watoto, madarasa ya kina mama na mashamba yasiyochukuliwa na mmomonyoko. Akaniambia kazi yangu ni kuona kwamba hayo yanafuatwa Masasi na Newala, na kila mwezi nipeleke taarifa.

Nilivimba kichwa, sikufichi. Nikachora jedwali kwa rula. Upande mmoja niliandika majina ya vijiji, juu nikaweka safu mbili tu: Bado, na Tayari. Niliona limependeza sana.

Kijiji nilichokiweka moyoni kilikuwa Makote, upande wa Newala, kwa mama yangu. Mdogo wangu Agnesi alikuwa akiishi huko na mumewe, ana mimba changa. Wewe unafungua bomba, kwa hiyo nikueleze: kule kwenye uwanda ulioinuka watu wako juu na maji yako chini. Kila siku Agnesi aliondoka alfajiri, akashuka mteremko mpaka bondeni, akapanda na mtungi kichwani, na akifika nyumbani jua limekwisha kuwa kali. Katika yale maazimio Makote walipangiwa birika kubwa la saruji la kukingia maji ya mvua. Nilipompa habari hiyo aliniuliza kama litakuwa limejaa atakapojifungua, maana hakutaka kuushuka ule mteremko na kichanga mgongoni. Nikamwahidi. Niliahidi kwa niaba ya mataifa yote.

Basi nikaanza kuzunguka. Watu wa maji walisema saruji ipo, ila wenzao wa afya waseme kwanza kama birika halitaleta mbu. Wa afya wakasema mbu ni jambo dogo, lakini watu wa kilimo waridhie, maana pana mikorosho. Wa kilimo wakasema wanangoja kijiji kichague mahali. Kila mmoja alikuwa na nakala ya zile karatasi, na kila mmoja alikuwa amepiga mstari chini ya sentensi yake peke yake. Nilipanda na baiskeli mpaka Newala, nikashuka, nikapanda tena, hata nikawa sijui nani ananingoja mimi na mimi namngoja nani. Hakuna aliyenidanganya. Hilo ndilo lililonichanganya kuliko yote. Ningempata mwongo mmoja ningemkasirikia, nikalala vizuri.

Mwisho nikaambiwa kwamba saruji itakwenda kwa kijiji kitakachotangulia kuleta karatasi ya kukubali mahali. Na mafundi wakikuta ubishi wowote wasikae, wahamie kijiji kingine, kwa sababu mvua ziko karibu. Nikakimbilia Makote, nikaitisha mkutano mchana ule ule. Wakaja wanaume, shemeji yangu akiwa mbele. Wakachagua mahali kando ya barabara, palipoinuka kidogo, ili wageni wakija walione birika. Wakatia dole gumba, nami nikaandika Tayari.

Sasa sikiliza kosa langu. Mimi si mgeni wa huku. Tangu najifunza kutembea nilijua kwamba kwetu ukoo ni wa upande wa mama, na mwenye neno juu ya ardhi ni mjomba. Wale wanaume wengi walikuwa wameoa tu pale, wakikaa kwa heshima kwenye ardhi ya wake zao. Wao wenyewe walilijua hilo, lakini nani angemkatalia karani mwenye karatasi ya mataifa? Mjomba wangu wa damu, kaka yake mama, alikuwa shambani kwake, mwendo wa saa moja kwa miguu. Sikwenda. Nilijiambia kwamba wajomba ni wa ndoa na misiba, haya yangu ni mambo ya kisasa.

Lori lilipofika na mafundi wakapiga sururu za kwanza, mjomba akatokea. Hakupiga kelele. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akasimama akalitazama shimo.

"Mpwa wangu," akasema, "siku hizi maji yanapanda?"

Nikamwonesha ile karatasi yenye madole gumba.

"Nyuma ya nyumba pana kibonde. Mvua yote ya kijiji inakimbilia pale. Mwaka jana nilikaa na wazee wenzangu wa ule ukoo mwingine wa hapa kijijini tukakubaliana pachimbwe, na wanawake wamekwisha kupafyeka. Ungekuja ungeoneshwa. Hiyo karatasi yako ilimuuliza nani?"

Nimewahi kuchapwa shuleni nikashindwa kukaa, lakini sikuumia kama siku ile. Mzee hakuwa analikataa birika. Alilitaka kabla mimi sijalisikia. Nikamwomba msimamizi wa mafundi wahamie kule nyuma, akanijibu kwamba mahali papya panataka karatasi mpya, ya kijiji, na ya kilimo, na ya afya, na ya maji. Nikarukia baiskeli. Nilipita ofisi zote, kila moja ikinielekeza kwa jirani yake, kwa upole kabisa. Niliporudi siku ya nne, lori na saruji vilikuwa kijiji kingine.

Na jedwali langu halikuwa na safu ya kuandika kwamba tumekosea. Niliogopa kufuta. Neno Tayari likabaki, likapanda mpaka Dar es Salaam, na lilivuka kwenda wapi tena sijui. Mvua zikaja, zikakimbilia kile kibonde na kupotelea mchangani. Zilipokatika Agnesi alikuwa na mtoto wa kike, na hata arobaini haijatimia alianza kushuka naye bondeni.

Siku hizo nikapata barua ya pongezi iliyosema Makote imetajwa kuwa kijiji cha mfano. Nilikwenda nayo huko, mpaka leo sielewi kwa nini. Pengine nilitaka kukemewa tena. Nilimkuta Agnesi ndiyo kwanza anatua mtungi, mtoto yuko mgongoni. Nikamsomea, nikimfasiria Kiingereza chake neno kwa neno. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi, kaka," akasema, "niandikie na mimi kwamba nimekwisha kunywa."

Kisha akanichotea maji kwa kata, akanipa. Nilikunywa, na nilitamani ardhi inimeze.

Mwanangu, nasikia mikutano imekuwa mingi zaidi sasa, na mnaajiriwa vijana wasomi, nawe ni mmoja wao, kufuatilia walichokubaliana wakubwa. Ni kazi njema, usiidharau. Mimi bado sijui nimlaumu nani. Nikiwapanga wote kichwani, kila mmoja ana haki yake, isipokuwa mimi ambaye ilikuwa kazi yangu kuwaunganisha, nami nikawahesabu wenye ofisi tu. Kwa hiyo nenda kwa mwenye neno hata akiwa mbali na hata asipojua kusoma. Usiandike Tayari mpaka umeona aliyekuwa akiteseka amepumzika. Na ukikosea sema umekosea siku ile ile, kabla kosa lako halijaandikiwa barua ya pongezi. Kama hakuna safu ya kuliandikia, ichore.

Mungu akupe miguu ya kufika na moyo wa kuona haya mapema. Kazi ya mikono yako na iwafikie watu wakiwa hai, nawe urudi kwetu salama.