Chakula cha Harusi Kililiwa Sakina, Lawama Nikambebesha Mpishi

Jamani, nimekosa! Nilimsingizia mtu mbele ya ukumbi mzima, na mtu mwenyewe ndiye aliyekuwa ameibeba biashara yangu mgongoni. Siku hizi nikikumbuka nacheka, lakini siku ile nilitamani ardhi ya Njiro ipasuke inimeze.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Moshono. Nilikuwa na jiko la kuwapikia watalii chakula cha kubeba porini. Korona ilipoingia, watalii wakakatika ghafla kama maji ya bomba. Wapishi wangu wakawa wananiangalia usoni kila asubuhi, wakingoja niseme kama kazi bado ipo.

Sasa mimi nimesomea uongozi wa biashara. Nikajisemea, elimu ni ya siku kama hizi! Nikawakusanya wote jikoni.

"Hapa hafukuzwi mtu," nikawaambia. "Tunahamia kwenye harusi na kipaimara. Kila mtu ana kazi yake, na amri inatoka kwa mtu mmoja tu. Mfanyakazi akiwa na mabosi wawili, biashara inakufa. Kwenye chakula bosi ni Eliaika. Hata mimi simwingilii!"

Eliaika ni dada wa Kimeru, mpishi wangu mkuu. Mpole, ila akisema amesema. Watu wakapiga makofi, na kweli mambo yakaanza kwenda! Kazi ndogondogo zikaja, hakuna wa kugombana na mwenzake. Kichwa changu kikavimba.

Ndipo tukapata harusi ya Njiro. Watu wazito, yaani! Eliaika akamwambia dereva wetu, Baba Glory, mimi nikisikia: "Chakula kiende ukumbini moja kwa moja. Usisimame popote."

Mimi nikaona vyombo vyetu vitanitia aibu. Shangazi yangu wa Sakina ana hotpoti nzuri za maua. Gari lilipoondoka, nikampigia Baba Glory kimyakimya.

"Pitia Sakina kwa shangazi, uchukue hotpoti."

"Lakini bosi, dada Eliaika amesema nisisimame."

"Kwani anayekulipa mshahara ni nani?"

Masikini Baba Glory, akageuza gari.

Nilichosahau, siku hiyohiyo shangazi alikuwa na sherehe ya kipaimara cha mwanawe. Turubai limefungwa, wageni wamejaa, chakula chao kimechelewa. Mara linaingia gari la mpwa wake, pilau linanukia mpaka barabarani! Vigelegele! "Mwanangu ametukumbuka!" Kabla Baba Glory hajazima injini, masufuria yameshapokelewa, yeye mwenyewe kakalishwa na wazee na soda mkononi. Akijieleza, muziki unamfunika. Alipofanikiwa kuifikia meza, mchungaji alikuwa amesema amina. Chakula kikishaombewa, utakiondoaje?

Akanipigia simu analia. Kwa hiyo nilijua kila kitu! Hapo ndipo dhambi yangu ilipo, ndugu zangu.

Pale ukumbini, mama wa bibi harusi akanifuata. "Mama, wageni wana njaa. Chakula kiko wapi?"

Nikamwona Eliaika pale mlangoni. Mdomo ukanitangulia: "Ni mpishi wangu. Amempotosha dereva."

Sikujua kumbe mshereheshaji amesimama nyuma yangu na maiki iko wazi! Ukumbi mzima ukasikia.

"Mama Junior," Eliaika akasema, "mimi?"

Nikageuza uso. Akavua aproni, akaiweka kwenye kiti, akatoka. Wapishi wenzake wakamfuata, mmoja baada ya mwingine.

Mume wangu alizunguka vibanda vyote vya karibu akikusanya chipsi mayai na mishikaki. Bibi harusi, na shela lake, anadunga chipsi kwa kijiti! Watu walikula, sikatai. Lakini waliokuwa wametupa kazi wakaghairi, na jiko likapoa kabisa.

Nilipomweleza mume wangu ukweli, hakufoka. Alisema tu, "Uliwakataza watu wasiwe na mabosi wawili. Huyo wa pili alikuwa wewe."

Nikapanda Meru kwa kina Eliaika. Nikamkuta migombani na mama yake. Nikamwamkia mama shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Nikapiga magoti, nikaungama yote, na machozi juu.

Eliaika akasikiliza mpaka mwisho. "Mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini uliniharibia jina kwa watu. Nenda kaliokote kulekule ulikolitupa."

Basi tukaenda wote Njiro. Nikasimama sebuleni kwa yule mama wa bibi harusi, nikasema kosa ni langu, Eliaika hakukosea neno. Nilipofika kwenye vigelegele vya Sakina, yule mama alicheka mpaka akashika mbavu! "Kumbe pilau letu lilibarikiwa!" Kisha akamgeukia Eliaika. "Binti, nisamehe nilivyokuchukia." Palepale akampa kazi ya kupika kwenye ubatizo wa mjukuu wake.

Na si hivyo tu! Wale wageni wa shangazi walikuwa bado wanaulizana ni nani aliyepika pilau lile. Wakaanza kumtafuta. Wapishi wakarudi, jiko likawaka, na leo Eliaika ni mwenzangu kwenye biashara, si mwajiriwa. Mimi natafuta wateja. Jikoni nikiingia, nabisha hodi kwanza!

Wenye biashara zenu, nawaonya. Mambo yakiwa magumu, mchagueni mtu mnayemwamini mumwachie kazi, mumwachie kwelikweli, na simu zenu mzizuie. Na ukiharibu, sema "ni mimi" palepale, watu wakiwa bado wamekaa. Ukichelewa utalisema neno hilohilo ukiwa umepiga magoti kwenye migomba ya watu, na sketi yako ya Jumapili!